Kuipima flaksi ya sumaku kwa waya na mita: mwongozo kwa wanaoanza kusuka transfoma

Maswali ni yale yale, yawe yametoka kwa kijana anayejifunza kusuka mota Ngamiani, kwa mwanafunzi wa umeme aliye likizo Muheza, au kwa mwenye karakana Pongwe. Nizungushe raundi ngapi? Mbona transfoma niliyosuka inachemka hata kabla sijaiwekea mzigo? Uga wa sumaku na flaksi ni kitu kimoja au viwili? Wengi wameshapewa fomula darasani na kuzikariri, lakini wakikaa mezani mbele ya chuma na waya hawajui pa kuanzia.

Hapa utaipima flaksi wewe mwenyewe, ndani ya transfoma kuukuu, kwa kipande cha waya na mita ya kawaida. Ukishaisoma, hesabu ya raundi ni kazi ya dakika mbili, na utajua pia kwa nini transfoma nyingi zinazosukwa kwa kukisia huungua.

Nadharia ya kutosha kuanzia ni hii. Uga wa sumaku ni nguvu ya sumaku iliyopo mahali fulani, na ukubwa wake hupimwa kwa tesla. Flaksi ni jumla ya uga unaopenya eneo zima, tuseme mguu mzima wa chuma cha transfoma, nayo hupimwa kwa weba. Tesla moja ni weba moja katika eneo la mita mraba moja. Na kila flaksi inapobadilika ndani ya raundi ya waya, volti huzaliwa kwenye waya huo. Jambo hilo la mwisho aligundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndilo linaloendesha majenereta ya Hale na Pangani yanayozungushwa na maji ya Mto Pangani. Flaksi iliyotulia haitoi volti hata kama ni kubwa namna gani. Ndiyo maana transfoma haifanyi kazi kwa betri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Transfoma kuukuu ya chuma, ya redio, amplifaya au stabilaiza, yenye praimari (koili inayopokea umeme wa soketi; ile inayoutoa huitwa sekondari) ya volti 230. Ukubwa wa VA (volti mara ampea) 50 hadi 150 unafaa kujifunzia.
- Mita ya umeme. Angalia upande wa volti za AC: mita ndogo za aina ya DT830 huanzia volti 200, kwa hiyo volti 3 huzisoma vibaya mno. Mita yenye rengi (kikomo cha juu cha kusoma) ya volti 2 na 20 za AC ni bora zaidi. Ukiwa na mbili, kazi inakuwa nyepesi.
- Waya mwembamba laini wenye plastiki nzima, mita 5 hivi. Plastiki iliyochubuka hata mahali pamoja usiitumie.
- Holda na balbu ya nyuzi ya wati 60. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, na sababu utaiona kwenye hatua ya 5.
- Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, pamoja na kizuizi cha kuushika waya usivutike.
- Rula ya chuma au kalipa.
- Dira ndogo, betri ya volti 12 (ya gari au ya sola), taa ya mbele ya gari ya wati 55, na fyuzi ya ampea 10 ya kuweka kwenye waya wa betri.
- Tepu ya umeme, kalamu na daftari. Daftari usilidharau, kwa sababu namba utakazoandika leo utazihitaji siku ya kusuka.

Kuanzia hatua ya 5 utafanya kazi na umeme wa TANESCO wa volti 230, ambao unaua. Chomoa plagi kila unapotaka kugusa kitu. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa kuwa soketi nyingi zimeungwa kinyume na swichi inakata nyutro (waya wa kurudi) badala ya laivu (waya wenye umeme). Vaa viatu vikavu, simama pakavu, na usifanye peke yako kama ndiyo mara yako ya kwanza. Kama soketi unayotumia inalindwa na swichi inayokata umeme unapovuja, vizuri zaidi, ila usiitegemee hiyo tu: mtu akishika laivu na nyutro kwa mikono miwili, swichi hiyo haioni uvujaji wowote.

Hatua ya 1: Uone uga kwa dira

Weka dira mezani, mbali na spika, simu na vyuma, usubiri sindano itulie. Sindano inaufuata uga wa dunia, ambao kwa pwani yetu ya Tanga una nguvu kati ya mikrotesla 30 na 35.

Unganisha betri, fyuzi na taa ya gari. Waya mmoja upitishe juu ya dira, sentimeta 2 kutoka kwenye sindano, ukiwa umelala sambamba nayo, yaani kaskazini kwenda kusini. Washa. Taa ya wati 55 hula ampea 4 na nusu hivi, na uga wake kwa umbali huo ni kama mikrotesla 45. Sindano itageuka sana, kwa kuwa uga wa waya umeushinda wa dunia.

Sasa badili vitu kimoja kimoja. Geuza ncha za betri, na sindano itaelekea upande wa pili. Rudisha, kisha pitisha waya chini ya dira badala ya juu, nayo itageuka tena. Uga unauzunguka waya. Hautoki kwenye waya kama mwanga unavyotoka kwenye taa. Halafu shika waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, ukiwa umeugandisha mmoja kwa mwingine, na uweke juu ya dira: sindano haitikisiki, au inatikisika kidogo tu, kwa sababu uga wa mmoja unafuta wa mwingine. Mwisho, zungusha waya mara kumi kwa mwelekeo mmoja kuwa duara, uusogeze kwenye dira kutoka upande wa mashariki, shimo la duara likiitazama. Hapo uga wa kila raundi unajumlishwa na wa mwenzake, na utaona sindano ikianza kuvutwa ukiwa bado mbali kuliko waya mmoja ungeweza.

Kosa linalowakwamisha wengi hapa ni kuulaza waya mashariki kwenda magharibi. Uga wa waya huwa unakata waya wenyewe kwa pembe mraba, kwa hiyo ukiulaza hivyo unaangukia kwenye mstari ule ule wa sindano, na sindano inaweza isionyeshe chochote. Mtu anadhani betri imekufa.

Programu ya simu inayosoma mikrotesla inafaa kwa hatua hii pekee. Usiipeleke kwenye transfoma iliyowashwa, maana kihisi cha simu hakikutengenezwa kufuata uga unaogeuka mara 50 kwa sekunde, na namba utakayoiona haitakuwa na maana.

Hatua ya 2: Chagua transfoma, pima chuma chake

Transfoma ya mikrowevu usiiguse. Sekondari yake hutoa volti 2,000 hivi kwa mkondo mkubwa, na haimwachi mtu nafasi ya pili. Acha pia transfoma ndogo za chaja na za kompyuta: zile ni za feraiti, zinafanya kazi kwa masafa ya juu sana (mizunguko mingi kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hetsi), na ukiziwekea umeme wa hetsi 50 zinaungua papo hapo.

Transfoma ya bati za E na I (zilizokatwa kwa umbo la herufi hizo) ina miguu mitatu. Koili zimekaa mguu wa kati. Flaksi yote hupita mguu huo, kisha hugawanyika nusu kwa nusu kurudi kupitia miguu ya pembeni. Unachotaka ni eneo la chuma la mguu wa kati, lakini koili zimeufunika. Pima mguu wa pembeni ulio wazi na uzidishe kwa mbili; kwenye bati za kawaida, mguu wa kati una upana wa pembeni mara mbili. Kisha pima unene wa rundo zima la bati, bila kuhesabu fremu ya nje.

Mfano tutakaoufuata hadi mwisho: mguu wa pembeni sm 1.6, kwa hiyo wa kati sm 3.2. Unene wa rundo sm 4.0. Eneo ni 3.2 × 4.0 = sm mraba 12.8. Zidisha kwa 0.95, kwa kuwa kati ya bati na bati kuna tabaka jembamba la kuhami ambalo si chuma. Unapata sm mraba 12.16.

Kwa transfoma iliyolowa hewa ya bahari kwa miaka, tumia 0.9. Kutu hula chuma na kuvimba: rundo linaonekana nene, na chuma chenyewe kimepungua. Na tafadhali usiisafishe kutu hiyo kwa grainda au msasa kwenye kingo. Ukikwangua kingo unaziunganisha bati zilizotenganishwa kwa makusudi, mikondo inaanza kuzunguka ndani ya chuma chenyewe, na transfoma nzima inachemka ingawa koili zote ni nzima.

Hatua ya 3: Hakikisha transfoma ni salama kuwashwa

Ukiwa hujaunganisha umeme wowote, pima kwa omu. Praimari ya transfoma ya VA 100 huwa na omu kadhaa hadi kumi na kitu; sekondari ya volti ndogo huwa chini ya omu moja. Kati ya praimari na sekondari, na kati ya praimari na chuma, mita isionyeshe kitu kabisa kwenye rengi ya juu ya omu. Ukipata fundi mwenye mega (mita ya kupima uvujaji kwa volti kubwa) ya volti 500, bora zaidi, hasa kwa transfoma iliyokaa stoo Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia moja kwa moja: chumvi na unyevu hutengeneza njia ya umeme ambayo mita ya betri ya volti 9 haiwezi kuiona. Kama kuna uvujaji, ianike juani siku nzima, kisha pima upya.

Unganisha waya wa ethi kwenye chuma cha transfoma.

Hatua ya 4: Zungusha koili ya kupimia

Tafuta upenyo kati ya koili na chuma, kwenye yale madirisha mawili. Pitisha waya wako mwembamba dirisha la kushoto, uuzungushe kwenye mguu wa kati, urudi dirisha la kulia. Hiyo ni raundi moja. Endelea hadi 20, zote kwa mwelekeo mmoja, na uandike namba. Kama nafasi haitoshi, weka 10.

Hesabu raundi kwa kuangalia ndani ya dirisha: kila waya unapopita pale ni moja. Mtu anayehesabu kwa nje, akitazama mikunjo, mara nyingi hupata moja zaidi au moja pungufu. Kwenye raundi 20 kosa la moja ni asilimia 5, na litaingia kwenye kila hesabu utakayofanya baadaye.

Ncha mbili za koili hii zifunge tepu, kila moja peke yake, zikae mbali. Zikigusana wakati umeme umewashwa, waya huo mwembamba unageuka sekondari iliyopigwa shoti, na plastiki itaanza kutoa moshi kabla hujafika kwenye swichi.

Hatua ya 5: Washa kupitia balbu

Unganisha laivu ya plagi kwenye balbu ya wati 60, kutoka kwenye balbu iende praimari, na ncha ya pili ya praimari iende nyutro. Sekondari zote ziachwe wazi, kila ncha imefungwa tepu.

Chomeka. Balbu ikimulika kidogo sekunde ya kwanza kisha ikafifia au kuzima, transfoma ni nzima. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani: chomoa, chagua transfoma nyingine. Balbu ya nyuzi inafanya kazi hii kwa sababu upinzani wake unapanda inapochemka na kuuzuia mkondo. LED haina tabia hiyo.

Iache dakika tano. Chomoa, kisha gusa chuma. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa haijachemka, unaweza kuondoa balbu na kuunganisha moja kwa moja kupitia fyuzi ya ampea 3. Vipimo vya hatua inayofuata ni bora vichukuliwe bila balbu, kwa kuwa balbu inapotosha kidogo umbo la wimbi.

Hatua ya 6: Soma volti mbili kwa wakati mmoja

Kama una mita mbili, moja iweke kwenye praimari na nyingine kwenye koili ya kupimia. Kama ni moja, soma ya kwanza, chomoa, hamisha, washa, soma ya pili, kisha rudia ya kwanza kuhakikisha umeme haujabadilika katikati. Usiandike 230 kwa kuwa imeandikwa kwenye lebo. Umeme wa mtaani hupanda na kushuka, na jioni Makorora watu wakiwasha vyote kwa pamoja huwezi kusoma sawa na saa nane usiku.

Katika mfano wetu: praimari volti 228, koili ya raundi 20 volti 7.0.

Hatua ya 7: Kokotoa

Gawanya volti za koili ya kupimia kwa raundi zake: 7.0 ÷ 20 = volti 0.35 kwa kila raundi. Namba hii ni ya raundi yoyote inayouzunguka mguu ule, iwe ya praimari, ya sekondari au ya waya wako. Flaksi ni moja, na kila raundi inaiona ile ile.

Kwa wimbi la kawaida la AC, volti za raundi moja ni 4.44 × masafa × flaksi ya kilele. Kwa hetsi 50, 4.44 × 50 = 222. Kwa hiyo:

flaksi = 0.35 ÷ 222 = weba 0.00158, yaani miliweba 1.58.

Uga ndani ya chuma ni flaksi kugawanywa kwa eneo. Sentimeta mraba 12.16 ni mita mraba 0.001216:

0.00158 ÷ 0.001216 = tesla 1.3.

Kosa la kawaida ni kusahau kugeuza sentimeta mraba kuwa mita mraba, au kugawanya kwa 100 badala ya 10,000. Ukipata tesla 0.00013 au 0.013, hapo ndipo ulipoteleza. Transfoma za bati za chuma chenye silikoni hufanya kazi kati ya tesla 1.0 na 1.5 hivi. Zaidi ya 1.6 chuma kinakaribia kushiba, na kwenye tesla 2 kimeshashiba.

Raundi za praimari unazipata bila kufungua chochote: 228 ÷ 0.35 = 651.

Hatua ya 8: Hamisha koili, uone flaksi inavyogawanyika

Chomoa. Toa koili ya kupimia, uzungushe raundi 20 zile zile kwenye mguu wa pembeni. Washa, soma. Utapata volti 3.5 hivi, nusu ya mwanzo, kwa kuwa nusu tu ya flaksi inapita huko. Lakini eneo la mguu huo nalo ni nusu, kwa hiyo ukigawanya unarudi kwenye tesla 1.3. Flaksi imegawanyika, uga umebaki ule ule. Aliyefanya hatua hii haulizi tena tofauti ya hayo mawili.

Ukitaka kuthibitisha zaidi, zungusha raundi chache zikiizunguka miguu yote mitatu kwa pamoja. Mita itasoma karibu sifuri, kwa sababu kinachopanda mguu wa kati kinashuka chote pembeni. Na hili linaeleza kwa nini fundi anayejisahau akapitisha waya nje ya chuma, badala ya ndani ya dirisha, anamaliza raundi mia na hapati volti.

Hatua ya 9: Weka mzigo, angalia koili ya kupimia

Rudisha koili ya kupimia kwenye mguu wa kati. Kama sekondari ya transfoma yako ni ya volti 12, iwekee taa ya gari ya wati 21. Washa, soma koili ya kupimia kabla na baada ya mzigo.

Itashuka kidogo sana, pengine kutoka 7.0 hadi 6.9. Wanaoanza hutarajia mzigo uongeze flaksi, wakidhani chuma "kinafanya kazi zaidi". Haiko hivyo. Mkondo wa sekondari unasukuma sumaku kinyume, praimari inavuta mkondo zaidi kutoka kwenye soketi kufuta msukumo huo, na flaksi inabaki pale pale. Upungufu ule mdogo unatokana na volti zinazopotea kwenye upinzani wa waya wa praimari.

Kinachoamua flaksi ni vitu vitatu: volti za praimari, masafa, na idadi ya raundi za praimari. Shika hili kuliko lingine lolote katika mwongozo huu, maana matokeo yake huwa kinyume na watu wanavyodhani. Ukipunguza raundi za praimari, flaksi inaongezeka. Tuseme mtu amesuka upya praimari ya mfano wetu akaweka raundi 551 ili kuokoa waya. Kwa volti 230 kila raundi inabeba volti 0.417, na uga unapanda hadi tesla 1.55, itanguruma na kuchemka, ila itavumilia kwa muda. Akiweka 450, uga unadaiwa kufika tesla 1.9. Chuma kimeshiba, praimari haina tena cha kuuzuia mkondo, na waya unaungua bila mzigo wowote. Waya mnene hautaiokoa transfoma hiyo, kwa kuwa unene unahusu mkondo na tatizo liko kwenye raundi.

Hesabu hiyo hiyo inakwambia kwa nini kifaa cha mtumba kutoka Japani kilichoandikwa volti 100 hakiwezi kuchomekwa kwenye 230: uga ungetakiwa kuwa mara 2.3. Na cha hetsi 60 pekee, hata kama volti zake zinalingana na zetu, kwa hetsi 50 kinabeba flaksi zaidi kwa asilimia 20. Kama kilikuwa tesla 1.3, sasa ni 1.56. Soma lebo kabla ya kulipa.

Hatua ya 10: Itumie namba yako kusuka

Geuza volti kwa raundi kuwa raundi kwa volti: 1 ÷ 0.35 = 2.86. Unataka sekondari ya volti 12: 12 × 2.86 = 34.3. Ongeza asilimia 5 kufidia volti zinazopotea ukiwekea mzigo, unapata 36. Waya chukua milimita mraba moja kwa kila ampea 3. Kwa ampea 6 ni milimita mraba 2, yaani kipenyo cha mm 1.6, geji 16 kwa wanaonunua kwa namba za geji. Hakikisha raundi 36 za waya huo zinaingia dirishani kabla ya kukata chochote.

Kama chuma ni kitupu na hakina koili ya kupima, anza na uga unaoutaka. Kwa hetsi 50 na tesla 1.2, raundi kwa volti ni 37.5 kugawanywa kwa eneo la chuma katika sentimeta mraba. Kwa tesla 1.0 tumia 45. Kwa bati za zamani usizozijua asili yake, au zilizoanza kutu, 45 ndiyo namba ya kuchagua. Utatumia waya zaidi, lakini siku volti za mtaani zikipanda hadi 260 transfoma itakuwa bado na nafasi ya kupumua.

Unaporudisha bati, pishanisha E na I, moja huku moja kule, zikutane bila pengo. Pengo hata la robo milimita linaufanya mkondo wa bila mzigo upande sana, kwa kuwa ni kazi kubwa zaidi kusukuma flaksi hewani kuliko ndani ya chuma. Choki ya tyubulaiti ina pengo kwa makusudi; transfoma haitakiwi kuwa nalo. Boliti zinazopita ndani ya chuma zivalishwe mrija wa kuhami na washa za karatasi ngumu, la sivyo boliti mbili na fremu vinafanya raundi moja iliyopigwa shoti.

Mambo yakienda vibaya

*Koili ya kupimia inasoma sifuri au karibu yake.* Pengine nusu ya raundi umezizungusha kushoto na nusu kulia, zinafutana. Au waya umepita nje ya chuma. Au mita iko kwenye DC. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

*Inasoma nusu ya ulichotarajia.* Uko mguu wa pembeni.

*Namba inacheza, sasa 3.1, sasa 3.8.* Mita ya rengi ya volti 200 haiaminiki huku chini. Ongeza raundi za kupimia hadi 40 kama nafasi ipo, au azima mita bora. Ukitumia inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi laini, mita nyingi zitakudanganya na ile 4.44 haitakuwa sahihi; pima kwa umeme wa gridi.

*Fyuzi inakatika unapowasha, ila si kila mara.* Ukiwasha wakati wimbi liko mahali pabaya, flaksi ya mzunguko wa kwanza inaweza kukaribia mara mbili ya kawaida, chuma kikashiba kwa muda mfupi na mkondo ukaruka. Transfoma za duara ndizo zenye tabia hii zaidi. Tumia fyuzi ya kuchelewa yenye ampea zile zile. Usiweke kubwa zaidi.

*Inachemka bila mzigo na balbu ya majaribio inawaka.* Tenganisha sekondari zote. Ikiendelea, kuna raundi zilizogusana ndani ya praimari, au raundi ni chache. Pima volti kwa raundi: zikikupa uga wa tesla 1.7 au zaidi, raundi ni chache. Uga ukiwa wa kawaida na joto bado lipo, shaka iende kwenye shoti ya ndani, kisha boliti, kisha kingo za bati zilizokwanguliwa.

*Inanguruma.* Kama mlio unazidi usiku wa manane na kupungua jioni, volti zako zinapanda watu wakizima vitu, na chuma kiko karibu na kushiba. Kama mlio ni ule ule saa zote, bati zimelegea. Kaza boliti, ikishindikana, zamisha transfoma kwenye vanishi ya kuhami, iache mapovu yaishe, ining'inize ichuruzike, kisha ikaushe kabisa. Kwa Tanga mjini usiiharakishe hatua hii ya kukausha wakati wa masika, maana vanishi inayoziba unyevu ndani ya koili ni mbaya kuliko kutoweka vanishi kabisa. Pima tena kwa mega kabla ya kuiwasha.